DAWA IPI NI BORA? ZEBAKI, LAMI NA JUA KATIKA HISTORIA YA KUTIBU NGOZI



Ndugu zangu, mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, mmoja baada ya swala ya Ijumaa na wawili kwa simu. Kila mmoja ana mtu nyumbani ambaye ngozi yake imetoka mabaka mazito yenye magamba meupe. Wote wameshazunguka, kwa waganga na kwenye maduka ya dawa, na nyumbani wana makopo tele. Wote wanataka kujua: sheikh, kati ya dawa hizi, ipi ni bora?

Mimi si daktari. Nimesoma madrasa, nikaishia sekondari, na kazi yangu ni kuswalisha hapa Rwamgasa. Lakini swali la "ipi ni bora" lina historia ndefu sana, na kipande kimoja cha historia hiyo kimeandikwa hapa hapa kijijini kwetu, ingawa wengi wenu hamna habari nacho. Kwa hiyo leo tunasoma historia. Somo ni refu, weka chai karibu, usome taratibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita soriasisi. Ngozi ya mwanadamu hujibadilisha kila siku: chembe mpya zinazaliwa chini, zinapanda juu kwa muda wa kama mwezi mmoja, kisha zinapukutika kama vumbi usiloliona. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili wake mwenyewe inaichokoza ngozi, na ile safari ya mwezi inamalizika kwa siku chache tu. Chembe zinafika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, zinakuwa magamba. Hukaa sana kwenye viwiko, magoti, kichwani na chini ya kiuno. Vitabu vingi vinasema mabaka ni mekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu huonekana ya zambarau au kijivu. Kucha hutoboka vidoadoa, na wengine huumwa viungo. Unatulia, unarudi, miaka kwa miaka.

Na hauambukizi. Si kwa kushikana mikono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kusujudu kwenye mkeka mmoja. Nalisema hili kwa sababu. Hapa kwetu kuna kijana fundi wa karasha aliyeacha kuja kuswali jamaa. Akisimama kwenye safu, jirani yake anasogea, na pengo linabaki pale pale ambapo Mtume (s.a.w.) alituamrisha tuzibe. Watu walikuwa wananong'ona kwamba ana ukoma.

Kosa hilo la kuchanganya soriasisi na ukoma halikuanzia Rwamgasa. Wagiriki wa kale walikuwa na neno lepra, na walilitumia kwa ngozi yenye magamba. Ukoma waliuita kwa jina jingine kabisa. Waganga wa Kiarabu nao walitenganisha: judham ni ukoma, baras ni balanga, bahaq ni vibaka vyepesi. Lakini vitabu vya Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini kuanzia karne ya 11, judham iliandikwa lepra, na magonjwa mawili yakaingia kapu moja. Robert Willan wa London aliyaeleza magamba haya vizuri mwanzoni mwa karne ya 19, ila hata yeye hakuliacha lile jina la lepra. Ni mwaka 1841 tu ambapo Ferdinand von Hebra, daktari wa Vienna, aliutenga kabisa ugonjwa huu na ukoma. Hesabu mwenyewe ni karne ngapi mtu mwenye magamba ya kiwiko aliweza kufukuzwa mjini kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa dawa. Waislamu tunayo habari moja ya ngozi tangu zama za Mtume (s.a.w.), waliyoipokea Bukhari na Muslim: masahaba wawili wakubwa, Abdulrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam, walipata muwasho, naye akawaruhusu kuvaa hariri. Hariri ni haramu kwa mwanamume, mnajua. Lakini nguo ya kukwaruza juu ya ngozi inayowasha ni mateso, na hariri inateleza. Sharia ikamlegezea mgonjwa wa muwasho. Anayesema "ni ngozi tu, vumilia" aisome habari hiyo tena.

Baada ya hapo tunakwenda Rayy, karibu na Tehran ya leo, alikozaliwa Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi mwaka 865 hivi. Huyu alisimamia hospitali pale Rayy na baadaye Baghdad. Kwenye daftari zake, zilizokusanywa baada ya kufa kwake katika kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi, aliandika jambo ambalo wanahistoria wa tiba wanalirudia mpaka leo. Alitaka kujua kama kumtoa mgonjwa damu kunamkinga na sirsam, yaani uvimbe wa utando wa ubongo. Akafanya nini? Wagonjwa wenye dalili aliwagawa: kundi moja akalitoa damu, kundi jingine akaliacha makusudi bila kulitoa, ili aone tofauti. Leo hakuna daktari anayetibu uvimbe huo kwa kutoa damu, kwa hiyo jibu alilolipata tuliache. Ninachotaka ushike ni yale makundi mawili. Bila kundi la pili, kila dawa ni bora, kwa sababu kila muuzaji ana mtu aliyepona.

Al-Razi huyo huyo aliichunguza zebaki. Alimnywesha nyani aliyekuwa naye nyumbani zebaki ya maji, akaona mnyama anajishika tumbo na kujipindapinda, basi. Akaandika kwamba zebaki ya maji ikinywewa haidhuru sana kuliko maumivu ya tumbo, ila ile iliyogeuzwa kwa moto ni sumu kali. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ndugu zangu. Na bado asubuhi nikipita kwenye nyua naona kijiko cha zebaki kikichomwa juu ya jiko la mkaa, watoto wamekaa kando.

Waganga wa Kiarabu walitengeneza marhamu ya zebaki kwa ajili ya upele, chawa na ngozi iliyoharibika. Wazungu waliichukua na kuiita marhamu ya Saraseni, yaani ya Waislamu. Kaswende ilipoenea Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, walikuwa na zebaki tayari, na wakaendelea kuwapaka nayo wagonjwa kwa miaka 400. Hata soriasisi ilipakwa marhamu nyeupe ya zebaki mpaka ndani ya karne ya 20. Usidhani hao wote walikuwa wajinga. Magamba yalikuwa yanapungua kweli. Meno ndiyo yalikuwa yanalegea, mate yanamwagika, figo zinachoka, na hayo yalichelewa kuonekana au yalihesabiwa ni ugonjwa mwingine.

Hapa ndipo historia inapoingia kijijini kwetu.

Sina haja ya kuwaeleza zebaki inavyotumika. Jiwe linatoka duarani, linasagwa kwenye karasha, linaoshwa mialoni, kisha dhahabu inakamatwa kwa zebaki ndani ya karai, tena kwa mikono mitupu, na mwisho inachomwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, UNIDO, ulianzisha mradi wa zebaki katika nchi sita zenye wachimbaji wadogo. Kwa Tanzania walichagua Rwamgasa. Madaktari kutoka Munich, Ujerumani, wakaja mwaka 2003 na kupima damu, mkojo na nywele za watu 180 wa hapa.

Wangeweza kuishia hapo. Lakini walikwenda pia Katoro, kilomita kama 30 kutoka hapa, wakapima watu 31 ambao hawakuwa wakifanya kazi na zebaki. Umeona? Makundi mawili. Kwa sababu mkono wa mchimbaji ukitetemeka atasema ni uchovu, mke wake atasema ni gongo, jirani atasema ni husda. Ukimweka karibu na mtu wa Katoro mwenye umri kama wake, ndipo unajua. Kati ya wachomaji 99 wa hapa Rwamgasa, 25 walikutwa wamedhurika kwa sumu ya zebaki. Mmoja katika kila wanne.

Na ngozi inaingiaje? Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1990, daktari wa Kijapani Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa zebaki wa Minamata, pamoja na wenzake, walipima nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi wa Ziwa Victoria na wakazi wa Mwanza mjini. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Kati ya waliokuwa na zebaki nyingi kupita kiasi, walikuwamo wakazi wa mjini ambao hawakuwa wachimbaji. Ilitoka wapi? Kwenye sabuni ya kuogea yenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana inatiwa kwenye sabuni na krimu za kung'arisha. Inapenya ngozini na kuishia kwenye figo. Mama anayeogea sabuni hiyo wakati mumewe anachoma dhahabu uani anaipata kwa milango miwili.

Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umepiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vilivyotiwa zebaki. Kwenye gulio bado vipo. Tuendelee.

Dawa ya pili ya zamani ni lami. Neno qatiran limo ndani ya Surat Ibrahim, na wafasiri wanaeleza kuwa ndicho kitu Waarabu walichowapaka ngamia wenye upele. Kinanuka, cheusi, kinashika moto. Kwa wanadamu, lami ya makaa ya mawe ilipata heshima yake mwaka 1925, pale William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alipowapaka wagonjwa wa soriasisi lami kisha akawaweka chini ya taa ya mionzi kama ya jua. Mgonjwa alilazwa wiki kadhaa, mashuka yanachafuka, wodi inanuka kama gereji. Lakini ngozi ilisafika, na kwa wengi ilikaa safi kwa miezi mingi. Dawa hiyo ni chafu, ya polepole, ya bei ndogo, na baada ya karibu miaka 100 bado inatumika. Tafadhali: ni lami ya hospitali, iliyochanganywa kwa kipimo. Si ya barabarani, wala si oili chafu ya karasha ambayo najua wengine mnawapaka watoto.

Na jua lenyewe? Ibn al-Baytar, mwanachuoni wa mimea aliyezaliwa Malaga, Andalusia, akafariki Damascus mwaka 1248, aliandika habari ya kabila la Waberberi wa Afrika Kaskazini waliokuwa na siri ya mbegu fulani. Mwenye balanga alipewa mbegu hizo na asali, kisha akaketi juani mpaka mabaka yake yatoe malengelenge, na rangi ikarudi. Wamisri waliendelea kuujua mmea huo. Mwaka 1947 daktari wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, alianza kuwajaribia wagonjwa wa balanga dawa iliyotolewa ndani yake. Mwaka 1974 madaktari wa Boston wakachukua dawa hiyo hiyo, wakaitumia pamoja na taa maalumu kwa wagonjwa wa soriasisi, na dunia ikashangilia kitu kipya. Safari ya miaka 700, kutoka kwa Waberberi mpaka Boston! Miaka michache baadaye ikaonekana kuwa wagonjwa waliopigwa mionzi hiyo mara nyingi, hasa weupe, wanapata saratani za ngozi. Siku hizi hospitali nyingi zinatumia mionzi ya aina nyingine isiyohitaji kumeza dawa.

Usijaribu haya nyumbani. Hata ndimu ina kemikali za jamii hiyo. Jipake maji yake, kaa juani, uone ngozi itakavyoungua. Na ndugu zetu wenye ualbino jua si dawa yao kwa hali yoyote.

Sasa tufike kwenye kopo ambalo karibu kila nyumba inalo. Mwaka 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York walitangaza kwamba haidrokotisoni ya kupaka inatuliza ngozi iliyovimba. Hiyo ndiyo familia ya steroidi. Baada ya miaka kama 10 zikaja kali zaidi mara nyingi. Mgonjwa aliyenuka lami kwa miezi alipaka krimu nyeupe isiyo na harufu, na baada ya siku 10 anaona ngozi imelala. Nani asingeipenda?

Bei ilikuja baadaye. Ukipaka kali muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, uso unatoka chunusi na vinyweleo. Na kwa soriasisi kuna balaa la pekee: ukiacha ghafla baada ya kupaka sana, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa, wakati mwingine kwa vipele vya usaha mwili mzima. Dawa yenyewe si mbaya. Ikiwekwa na anayejua, hafifu kwa usoni, kali kwa kiwiko, kwa wiki zilizohesabiwa, mpaka leo ndiyo ya kwanza kuandikwa. Tatizo ni kwamba dukani inauzwa kama karanga, na dada zetu wanaichanganya ndani ya mkorogo kwa sababu moja ya madhara yake ni kufifisha rangi. Yaani madhara ndiyo yamegeuka kuwa bidhaa.

Mwenye swali la "ipi ni bora", nisikilize hapa. Ukizilinganisha lami na steroidi kali baada ya wiki mbili, steroidi inashinda kwa mbali. Ukizilinganisha baada ya miaka miwili ya kujipakia mwenyewe, jibu linageuka. Kadhalika marhamu ya zebaki ingeshinda mashindano ya mwezi mmoja. Kwa ugonjwa unaodumu maisha, muulize anayekuuzia: huyo unayemsifu amepona tangu lini, na sasa figo zake na ngozi yake zikoje?

Zipo dawa za kumeza. Mwaka 1951 ilionekana Marekani kwamba wagonjwa wa viungo waliopewa dawa ya jamii ya zile za saratani ya damu, ngozi zao zenye soriasisi zilisafika. Ndugu yake, methotreksati, ndiyo inayotumika sasa. Ni ya bei nafuu na inasaidia wengi. Humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Kumeza kila siku kwa kudhani unaharakisha kunaua. Inataka kupima damu na ini, na mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba haruhusiwi kuigusa.

Halafu kuna sindano za kisasa zinazoizuia kinga ya mwili mahali pamoja tu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha: watu 271, kundi moja sindano ya adalimumabu, la pili methotreksati, la tatu dawa ya bandia isiyo na kitu ndani. Baada ya wiki 16, waliopungukiwa na ugonjwa kwa robo tatu au zaidi walikuwa karibu asilimia 80 kwa sindano, asilimia 36 kwa methotreksati, na asilimia 19 kwa dawa ya bandia. Kampuni inayotengeneza sindano ndiyo iliyogharimia utafiti, na methotreksati ilianzwa kwa kipimo kidogo ilhali ni dawa ya polepole, kwa hiyo isome ukiwa na hilo. Bei ya sindano si ya mtu wa duarani.

Lakini mimi nimekaa sana na ile 19. Karibu mtu mmoja katika watano alipata nafuu kubwa bila dawa yoyote! Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Sasa fikiria mganga anayepaka unga wa mizizi wagonjwa 50. Ikitokea kama kwa wale, tisa au kumi watasimama gulioni kumshuhudia, na hawatakuwa wanasema uongo. Wale 40 hawatasimama.

Kwa wanaouliza waende wapi: anza kituo cha afya, omba rufaa ya daktari wa ngozi. Nchi hii haiko mikono mitupu. Tangu mwaka 1992 pale KCMC Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, ili mgonjwa wa kijijini apate mtu anayejua tofauti ya soriasisi na ukoma. Ukienda, beba makopo yote uliyowahi kupaka, hata yale unayoyaonea haya. Kama umepaka krimu kali kwa miezi, usiache ghafla kabla hajakuona. Na kama maji yanaidhuru ngozi yako kwa kauli ya daktari, njoo tuzungumze habari ya tayamamu. Kama hayakudhuru, tawadha kawaida kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Leo usiku soma maandishi madogo ya kila kopo na kila sabuni ndani ya nyumba yako. Ukikuta neno mercury au calomel, hiyo ni zebaki. Kopo lisilo na maandishi kabisa lihesabu hivyo hivyo. Usilichome moto, usilitupe mialoni. Lifunge ndani ya mfuko, ulipeleke kwa bwana afya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.